Harufu ya kinywa unapopunguza uzito si sumu inayotoka

Wiki iliyopita alikuja kwangu, mimi daktari wa meno, mama mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma kutoka Dar. Amepungua kilo saba kwa miezi miwili kwa kuacha ugali, wali na vyakula vingine vya wanga, na tangu mlangoni ameshika mtandio mdomoni. Nilipomwomba apanue kinywa akanitangulia: "Daktari, hii harufu mbona naijua. Ni sumu zinatoka. Tumeambiwa kwenye kundi letu la mazoezi, zikiisha na yenyewe inakata." Alikuwa mgonjwa wa tatu kuniambia maneno hayohayo ndani ya siku nne.

Hakuna sumu inayotoka. Kila anayeniambia hivyo namuuliza: sumu gani, inaitwaje? Hajatokea hata mmoja wa kuitaja. Taka za mwili zinashughulikiwa na ini na figo usiku na mchana, uwe unakula ugali au umeuacha, na njia zake za kutokea ni zilezile za chooni. Kupungua kitambi hakufungui mlango mwingine mdomoni.

Kinachotokea ni hiki. Ukiacha ugali, wali, chapati na viazi, ini linamaliza akiba yake ya sukari, ambayo ni kama gramu 100, kwa takriban siku moja. Hapo mwili unageukia mafuta. Ini linayavunja na kutengeneza ketoni, na ketoni ndizo zinazoulisha ubongo na moyo wakati wanga ni haba. Ni chakula cha mwili, si uchafu. Ziko tatu, na mojawapo, asetoni, hugeuka mvuke upesi. Damu ikipita kwenye mapafu, asetoni inatoka na pumzi. Ni asetoni ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Harufu yake ina utamu mkali, kama tunda lililoiva likapitiliza.

Imani hii inanikera kuliko nyingine zote kwa sababu inamfunga mtu mikono. Akishaamini kwamba harufu ni dalili njema, hasafishi ulimi, haongezi maji, haji kuonwa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaamua kuzisaidia hizo sumu zitoke. Yule mama alikuwa anakunywa unga wa mitishamba wa "kusafisha tumbo", anaharisha mara nne au tano kwa siku. Maji yakamwishia mwilini, mate yakakauka, harufu ikazidi, naye akaongeza kijiko kingine cha unga. Nilipopitisha kioo changu ndani ya shavu lake, kiling'ang'ania kwenye nyama badala ya kuteleza. Kinywa chenye mate ya kutosha hakikamati kioo.

Kisha nikachukua kijiko cha plastiki, nikakiburuta taratibu kutoka nyuma kabisa ya ulimi kuja mbele. Kilikuja na ute mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda, kwa chini una umanjano. Tukauacha kidogo ukauke, nikampa anuse. Akarudisha kichwa nyuma. "Ndiyo hii, daktari. Hii hii baba watoto anayoilalamikia."

Ile haikuwa asetoni hata kidogo. Ilikuwa harufu ya yai viza, na yai viza ni salfa. Chini ya ule utando wa ulimi, mahali hewa isipofika, wanaishi bakteria wanaovunjavunja protini na kutoa gesi za salfa. Harufu nyingi mbaya za kinywa, kwa watu wa kila aina ya mlo, zinatoka humohumo kinywani, hasa nyuma ya ulimi na kwenye fizi zenye ugaga. Sasa mtazame mtu aliyekata wanga: mayai, nyama choma, samaki, mtindi. Ni protini tupu, na nyuzi za nyama zimebaki katikati ya magego. Asubuhi hali kitu, mlo wa kwanza ni saa saba mchana, kwa hiyo tangu alipolala hakuna kilichousugua ulimi wala kilichoyaita mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na sehemu kubwa huja wakati wa kutafuna. Usipotafuna, unaikosa hiyo mvua. Tena uko Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Novemba ni nadra kuona mvua, upepo unavuma na vumbi lake, na anayelala mdomo wazi anaamka ulimi umegandia kaakaa. Wageni kutoka pwani wanalijua hilo wiki yao ya kwanza, midomo inapoanza kupasuka.

Kwa hiyo harufu ni mbili, na kila moja ina dawa yake. Fanya kile kipimo cha kijiko nyumbani. Kama ute unanuka, kwangua ulimi kila asubuhi na kila usiku, kuanzia nyuma kabisa, polepole, bila kuuchubua. Kijiko kinatosha, huna haja ya kununua kifaa. Pitisha uzi kati ya meno kabla ya kulala, hasa siku uliyokula nyama. Kama fizi zinatoa damu, usiache kupiga mswaki kwa kuziogopa; njoo tuutoe huo ugaga, maana mswaki hauwezi kuutoa ukishakuwa mgumu.

Kama ute haunuki lakini pumzi ina ule utamu mkali, ni asetoni, na hapo usijitese kwa kupiga mswaki mara sita kwa siku. Inatoka mapafuni, mswaki hauifikii. Kunywa maji kidogokidogo kutwa nzima. Kwa wengi hupungua wiki chache baadaye. Ukiona inakukosesha raha kazini, rudisha wanga kidogo: tonge chache za ugali wa uwele au mtama, au tunda moja. Uzito utaendelea kupungua ilimradi chakula cha siku nzima ni pungufu ya matumizi yako. Na hili nitalisema hadi nistaafu: tafuna kitu asubuhi. Karoti, tango, chochote chenye ugumu. Anayefunga kwa saa 16 ahamishie saa zake za kula asubuhi, amalize mapema jioni. Naona wagonjwa wangu wanaokula asubuhi wanapata nafuu mapema kuliko wanaosubiri mchana.

Imani nyingine nitazipitia haraka. "Harufu inatoka tumboni, nina vidonda vya tumbo." Njia ya chakula hubaki imefunga usipomeza wala kucheua, haipulizi harufu juu kutwa nzima. Kiungulia kinachopanda mara kwa mara kinaweza kuchangia, lakini usimeze dawa za vidonda kabla hujautazama ulimi wako.

"Dawa ya kusukutua itamaliza." Itafunika kwa muda mfupi tu, na yenye spiriti inazidi kukausha kinywa ambacho tayari ni kikavu. Ile ya klorheksidini ni nzuri kwa siku tulizokuandikia, ukiizoea inatia meno madoa ya kahawia.

Jojo inasaidia kuita mate, lakini chagua isiyo na sukari. Pipi za minti zenye sukari ni kuwalisha bakteria wanaotoboa meno.

Maji ya limao asubuhi, au siki ya tufaha, kwa ajili ya "kuyeyusha mafuta na kuua harufu": mafuta hayayeyuki, kinachoyeyuka ni ngozi ngumu ya jino. Haihimili asidi kali kiasi hicho na ikiliwa hairudi. Ukishakunywa, sukutua kwa maji matupu, na usipige mswaki kabla ya nusu saa kupita.

Liko moja ambalo sitalipitia haraka, kwa sababu hapa imani ya sumu inaweza kuua. Mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini au anayemeza dawa za kundi la empagliflozini na dapagliflozini, asikate wanga bila kuzungumza na daktari anayemwandikia dawa. Kwake ketoni zinaweza kupanda hadi damu ikawa na asidi, na kwa wanaotumia dawa hizo inaweza kutokea hata kipimo cha sukari kikiwa hakitishi. Vilevile mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari, lakini ana kiu isiyokatika na anakojoa kila saa. Pumzi ikiwa na ule utamu, halafu akaanza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu au kuchanganyikiwa, asiachwe alale eti sumu zimalizike. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.