Usimamizi wa kumbukumbu ni nini, na unaingiaje kwenye ufanisi wa taasisi?

Ukimwambia mtu "usimamizi wa kumbukumbu" anachokiona kichwani ni chumba cha nyuma, makabati ya chuma, vumbi, na mfanyakazi mmoja aliyepelekwa kule kwa sababu hawakujua pa kumweka. Ndo maana bajeti ikibana masijala, yaani ofisi inayotunza mafaili, inakuwa ya kwanza kukatwa. Halafu ofisi hiyo hiyo inaitisha kikao kujadili kwa nini kazi haziendi, na kikao chenyewe kinachelewa kuanza kwa sababu muhtasari wa kikao kilichopita hauonekani.

Tuanze na neno lenyewe maana watu wanalichanganya. Kumbukumbu siyo kila karatasi iliyopo ofisini. Ni taarifa ambayo taasisi imeitengeneza au imeipokea ikiwa inafanya kazi zake, ikaitunza ili iwe ushahidi kwamba jambo fulani lilifanyika, lini, na nani aliamua. Tangazo la semina ulilookota mapokezi siyo kumbukumbu. Ila ujumbe wa simu ambao bosi ameandika "sawa, nunueni" hiyo ni kumbukumbu kabisa, hata kama umeandikwa saa nne usiku na umejaa vifupisho. Kuna kiwango cha kimataifa cha mambo haya, ISO 15489, kilitoka 2001 kikafanyiwa marekebisho 2016, na chenyewe kinataka kumbukumbu iwe na sifa nne: iwe halisi, iaminike, isiwe imechezewa, na ukiihitaji uweze kuipata na kuitumia. Hiyo ya nne ndo inaua ofisi nyingi. Nyaraka ipo, kila mtu anaapa ipo, lakini kuipata sasa!

Usimamizi wake ni kuifuatilia tangu inazaliwa mpaka mwisho wake, yaani nani anaiandika, inaingia faili gani, nani anaruhusiwa kuiona, inakaa miaka mingapi, na ikishamaliza muda inateketezwa au inapelekwa kwenye hifadhi ya kudumu.

Chukua faili la kawaida la karatasi, lile lenye jalada gumu. Kila barua inayoingia inapigwa namba kona ya juu, folio 1, 2, 3, inaendelea hivyo. Upande wa pili kuna karatasi ya madokezo ambapo maafisa wanaandikiana, "folio 12 yahusika, naomba maelekezo", mkubwa anajibu chini yake, anasaini, anaweka tarehe. Linaonekana jambo dogo eti. Lakini ukifungua ukakuta folio 14 halafu inafuata 16, papo hapo unajua kuna kitu kimechomolewa, huhitaji mpelelezi. Na ukisoma madokezo kuanzia mwanzo unaona mawazo ya ofisi nzima, nani alishauri nini, nani alikataa, na sababu yake. Afisa mpya anaweza kukaa na faili hilo saa moja akaendelea na kazi alipoishia mwenzake aliyehama, bila kumpigia simu kila baada ya dakika tano.

Sasa hilo faili likipotea. Na mara nyingi halijapotea, liko mezani kwa mtu, ila hakuna aliyeandika kwenye rejesta kwamba limetoka masijala limeenda kwa nani. Mteja yuko mapokezi anauliza ombi lake limefikia wapi. Mtu wa masijala anasema liko kwa mhasibu, mhasibu anasema alishalirudisha, watu watatu wameacha kazi zao wanafungua droo. Baada ya wiki mtu anachoka, anafungua faili la muda, na hapa ndo balaa linapoanzia kwa maoni yangu, kwa sababu jambo moja sasa lina mafaili mawili, barua mpya zinaingia huku, majibu ya zamani yako kule, na siku moja taasisi inatoa maamuzi mawili yanayopingana kwa mtu yule yule, yote yana muhuri na yote yamesainiwa. Mkienda mahakamani hapo mnasema nini?

Kwa hiyo ufanisi unaotajwa kwenye mada hii hauna uchawi, ni huo muda usiopotea. Ukiongeza na hela: ankara iliyolipwa mara mbili kwa sababu hati ya malipo ya kwanza haikuwekwa pamoja na mkataba, mkataba uliojiongeza wenyewe mwaka mwingine kwa sababu hakuna aliyekumbuka tarehe ya kutoa notisi, mkaguzi anayeandika hoja kwa matumizi ambayo kiukweli yalikuwa halali ila risiti haikuonekana. Uwajibikaji nao uko hapo hapo, mtu akijua dokezo lake litasomwa miaka kumi baadaye anaandika kwa adabu.

Kuna upande ambao watu hawauoni mpaka yawakute. Mwaka 1973, Julai, moto uliwaka kwenye jengo la St. Louis, Marekani, lililokuwa linatunza kumbukumbu za utumishi wa wanajeshi. Yaliungua mafaili kati ya milioni 16 na 18. Nakala nyingine hazikuwepo, na orodha kamili ya kilichokuwemo mle ndani nayo haikuwepo. Tangu hapo mwanajeshi mstaafu ambaye faili lake liliungua akidai haki zake inabidi utumishi wake uungwe ungwe kutoka kwenye vyanzo vingine, hati za mishahara na kadhalika. Ndo maana wataalamu wanasema kila taasisi itenge zile kumbukumbu chache ambazo bila hizo haiwezi kusimama, nakala zake zikae jengo jingine. Siyo zote, hizo chache.

Na usidhani dawa ni kutunza kila kitu milele. Stoo iliyojaa mpaka darini nayo ni kutokuwa na kumbukumbu, tofauti ni kwamba unalipia chumba. Kinachotakiwa ni jedwali linalosema aina hii ya nyaraka inakaa miaka mitano, hii ishirini, hii haitupwi, na anayeidhinisha kuteketeza ni fulani. Ila jedwali hilo lisiandaliwe kwa kuangalia nafasi ya stoo peke yake. Uingereza mwaka 2010 waliteketeza kadi za zamani za watu walioingia kwa meli kutoka Karibi, karatasi kuukuu tu kwa macho ya wengi. Ilipofika 2018 sakata la Windrush, jina la meli mojawapo iliyowaleta, likalipuka, watu walioingia kihalali wakiwa watoto walikuwa wanadaiwa uthibitisho wa kukaa kwao nchini, wengine wakapoteza kazi, wengine wakaondoshwa, na zile kadi ni ushahidi ambao ungeweza kuwasaidia baadhi yao.

Nikija kwenye kompyuta, najua kuna atakayesema si tuskani tu yaishe. Ukiskani vurugu unapata vurugu yenye umeme. Fungua kompyuta ya pamoja ya ofisi yoyote utaona "barua mpya", "barua mpya 2", "barua mpya ya mwisho", "barua mpya ya mwisho kabisa", na iliyotumwa haimo hata kwenye hizo nne, iko kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi. Kabla ya kununua sistimu kubalianeni kwanza majina ya mafaili, mnaanza na mwaka, mwezi, siku, mfano 2024-03-15, ili yajipange yenyewe kwa tarehe, kisha jambo lenyewe, kisha toleo la ngapi. Hiyo haina gharama yoyote na nimeona inasaidia kuliko programu za bei mbaya ambazo watu watatu tu ndo wana nywila.

Ukitaka kupima ofisi yako iko wapi usiulize wakuu wa idara, watakwambia iko vizuri. Chagua malipo matatu ya miaka miwili iliyopita, bila kuchagua yale rahisi, omba nyaraka zote za kila moja: ombi, idhini, ankara, hati ya kupokea mzigo, hati ya malipo. Piga saa. Wakati wanatafuta angalia macho yanaelekea wapi, mara nyingi wote wanamgeukia mtu mmoja ambaye "ndo anajua vilipo". Akivileta vyote ndani ya dakika kumi usishangilie bado, subiri aende likizo urudie zoezi.