Ukisubiri kura ya bungeni umeshachelewa: jinsi lobi zinavyosukuma sera

Watu wengi wakisikia lobi, ile kazi ya kushawishi serikali kuhusu sera na sheria, wanawaza bahasha. Yaani mtu wa kampuni kaingia kwa waziri, kaacha bahasha nene mezani, kesho yake sheria imegeuka. Hiyo ipo, tusidanganyane, lakini hiyo jina lake ni rushwa na karibu kila nchi ni kosa la jinai. Lobi inayobadilisha sera siku hadi siku mara nyingi ni halali kabisa, inafanyika kwa barua, mikutano, ripoti na simu, na kwa vile haina harufu ya uhalifu hakuna anayeifuatilia.

Na sio makampuni tu. Vyama vya wafanyakazi wanalobi, wakulima, madaktari, viongozi wa dini, watu wenye ulemavu, watetezi wa mazingira, wote hao wanagonga milango ya serikali. Ni haki yao, Marekani kwa mfano haki ya kupeleka malalamiko serikalini iko kwenye marekebisho ya kwanza ya katiba tangu 1791. Kwa hiyo mimi sina shida na lobi kuwepo. Ishu ni nani anafika kwanza, anafika na nini, na sisi wengine tunajua saa ngapi kwamba alifika.

Chukulia mtumishi wa wizara kaambiwa aandike kanuni za moshi wa magari. Hana maabara, wataalamu wake wawili watatu, rasimu inatakiwa mwisho wa mwezi. Upande wa pili kuna chama cha watengenezaji chenye wahandisi, wanasheria na wachumi, wana data zote na wameshaandaa mpaka maneno ya kifungu, yeye abandike tu. Atafanyaje? Hajala hela ya mtu, pengine ni mtu mwadilifu sana, ila kila anachokijua kuhusu hilo jambo kakipata kwa wale anaotakiwa kuwadhibiti. Kwangu mimi hii ndo njia kubwa kuliko zote, taarifa, kuliko hata michango ya kampeni ambayo ndo tunaipigia kelele kila uchaguzi.

Halafu sheria ikishapita watu wanashangilia wanarudi nyumbani, kumbe kazi ndo inaanza. Sheria inasema "waziri atatunga kanuni", na kwenye kanuni ndo kuna viwango, tarehe ya kuanza, nani kasamehewa, faini ni kiasi gani. Ukichomeka maneno kama "pale inapowezekana kiuchumi" kwenye kifungu kimoja, au ukisogeza tarehe ya kuanza miaka 5 mbele, sheria nzima inabaki jina. Waandishi wa habari wanakuwa hawapo tena, waliobaki chumbani ni wale wanaolipwa kubaki.

Kuna mbinu nyingine ambayo haihitaji kubadilisha kifungu chochote, inachelewesha tu. Kampuni za tumbaku ndo walimu wa hii. Januari 1954 zilitoa tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 Marekani zikidai utafiti unaohusisha sigara na saratani haujatosha na zenyewe zitagharamia utafiti zaidi. Waraka wa ndani wa kampuni moja wa 1969 ulikuja kuvuja baadaye, ukasema wazi kwamba bidhaa yao ni shaka. Sio sigara, shaka! Maana serikali ikiwa na shaka inaunda kamati, kamati inaomba utafiti, miaka inakatika na biashara inaendelea. Sukari nayo hivyohivyo, miaka ya 1960 taasisi ya wafanyabiashara wa sukari Marekani iliwalipa watafiti wa Harvard, makala yao ikatoka 1967 kwenye jarida kubwa la tiba ikiyapa mafuta lawama ya magonjwa ya moyo na kuipunguzia sukari, na nani kalipia haikuandikwa. Hilo lilikuja kuanikwa 2016, karibu miaka 50 baadaye. Ndo maana mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, una kifungu cha 5.3 kinachozitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku.

Sasa mbona wengi tunashindwa na wachache? Mchumi Mancur Olson aliieleza hii 1965 na sijaona aliyeieleza vizuri zaidi. Serikali ikilinda bei ya bidhaa fulani, wazalishaji wachache wanapata mamilioni kila mmoja, wanunuzi mamilioni wanapoteza senti kidogo kila mmoja. Mzalishaji ana kila sababu ya kuajiri mtu akae mji mkuu mwaka mzima, mimi na wewe nani atafunga safari kwa ajili ya senti? Hapo hakuna njama yoyote, ni hesabu tu.

Ila wengi wakijipanga wanashinda. Afrika Kusini ilitunga sheria 1997 ya kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu, 1998 makampuni ya dawa yakaenda mahakamani kuipinga, mwishowe yalikuwa 39. Wanaharakati wa ukimwi wa Treatment Action Campaign waliingia barabarani, wakaingia mpaka kwenye ile kesi yenyewe, mashirika ya nje yakaunga mkono, na Aprili 2001 makampuni yakaifuta kesi. Nayo ile ilikuwa lobi, tena lobi ya maana sana.

Njia ya kuhama kambi sitaikalia sana kwa sababu kila mtu anaijua, waziri wa leo kesho ni mshauri wa kampuni aliyokuwa anaisimamia, ana namba za simu za ofisi nzima. Nchi nyingine zimeweka muda wa kusubiri, Canada ni miaka 5 kwa viongozi wa juu, kwingine ni mwaka tu, ambao kwa maoni yangu ni likizo.

Kuhusu uwazi, Marekani ina sheria ya kusajili washawishi na kutangaza matumizi tangu 1995, ndo maana tunajua kwamba kuanzia 2022 lobi kwenye serikali kuu tu inazidi dola bilioni 4 kwa mwaka. Ireland tangu 2015 washawishi wanaripoti mara 3 kwa mwaka waliongea na nani kuhusu nini. Mimi naipenda zaidi sheria ya Chile ya 2014, kule mzigo uko kwa kiongozi mwenyewe, yeye ndo anatakiwa kutangaza kakutana na nani, kasafiri wapi na kapokea zawadi gani. Mshawishi anaweza kujificha nyuma ya kikundi feki cha wananchi, kiongozi na diary yake ya ofisi ni vigumu.

Kwa hiyo serikali ikitangaza kukusanya maoni usipeleke barua ya "tunapinga vikali", hizo zinahesabiwa tu zinawekwa pembeni. Taja namba ya kifungu, andika kifungu unachotaka kisomekeje, weka takwimu na umezitoa wapi, sema nani anaumia na kwa kiasi gani, na omba ujibiwe kwa maandishi. Ukiona chama kipya kina jina tamu la kutetea wanyonge kinatetea bidhaa fulani, uliza pango la ofisi yake analipa nani. Na peleka mapema, rasimu ikiwa bado iko wizarani, maana ikishafika kwenye kamati kila neno limeshapata mwenyewe.