Selimundu si "damu ya kwenu"

Mama mmoja wa vijiji vya Masasi, aliyeniruhusu nisimulie bila kumtaja, alinionyesha mikono ya mwanawe wa miezi 9. Vidole vimevimba, vimekaza. Ukimgusa tu anapiga yowe. Mawifi walishahukumu: "Hiyo damu mbaya ya kwenu."

Katika miaka yangu ya udaktari, hakuna dhana iliyoniuma kama hii. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ndiyo aliyokuwa nayo mtoto huyu, na haitoki upande mmoja. Mtoto mgonjwa, yaani SS, amerithi kinasaba kimoja cha selimundu (S) kwa mama na kingine kwa baba, na wazazi wenyewe huenda ni wazima wa afya, yaani AS: kinasaba kimoja cha kawaida (A) na kimoja cha selimundu. Mwenye AS si mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa hali hiyo humkinga mtu na malaria kali; ndiyo maana imeenea kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu. Hata hivyo, Marekani ya miaka ya 1970 ilichanganya AS na ugonjwa, watu wazima wa afya wakanyimwa kazi na bima.

Wengine wakisikia "mmoja kati ya wanne" hudhani wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25, hata ya tano.

Dhana nyingine nimeisikia kwa watumishi wenzangu: eti kipimo cha selimundu ni kama cha malaria, toa damu uende. Malaria inamhusu aliyelala kitandani. Hiki kinasema habari za ukoo. Mtoto akiwa SS na baba akakutwa AA, yaani hana kinasaba cha selimundu, linaweza kufumuka swali la ubaba ambalo hakuna aliyeliuliza. Hayo yasemwe kabla ya sindano, mtu aamue mwenyewe, na majibu yasitangazwe kwenye benchi la korido. Anayetafuta uthibitisho wa ubaba ana njia yake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009.

Na mjomba? Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanaofuata ukoo wa mama, kauli yake ni nzito, na mimi humkaribisha akae, asikilize. Lakini ridhaa ya mpwa mtu mzima ni ya mpwa.

Yule mama alirudi na mumewe. Nikawaeleza, wakakubali, wakapimwa: wote AS. Mume alikaa kimya, kisha akampokea mtoto mapajani.

"Kumbe na mimi nimo," akasema. "Mama yangu nitamwambia mwenyewe."