Begi la Umra Linalofungwa Kisumu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukizunguka soko la Kibuye siku ya Jumapili na mama anayejiandaa kwenda Umra, ziara ya ibada ya Makka, hukosi kumsikia akiulizia buibui jeupe. Muuzaji naye hana neno, anamtafutia. Kumbe mwanamke hana sare ya ihramu, yaani hali ya ibada anayoingia mwenda Umra. Rangi yoyote yafaa mradi nguo iwe ya stara, ila akiwa ndani ya ihramu asivae nikabu wala glavu. Shuka mbili ni za mwanamume.

Na shuka hizo ndizo zenye kesi. Wengi hudhani watazivaa wakishatua Jeddah, basi wanazilaza chini kabisa ya sanduku kubwa, juu yake unga wa ugali na omena waliokaangwa. Lakini anayekwenda Makka moja kwa moja huvuka mikati, yaani mpaka wa kuingilia ihramu, ndege ingali angani, na hapo awe ameshatia nia ya Umra. Safari yangu ya kwanza, kaka aliyekaa jirani yangu alisikia tangazo la mikati, akainuka, akafungua kabati la juu, akabaki kasimama na mkono ndani. Shuka zilikuwa tumboni mwa ndege. Ilibidi atoe fidia ya kuchinja. Mimi tangu siku hiyo huvaa zangu Nairobi kabla ya kupanda, nia naitia mikati ikikaribia. Anayeanzia Madina ana nafuu: mikati yake ni Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya mji, na sanduku analo.

Neno “isiyoshonwa”, linalosemwa juu ya nguo ya ihramu ya mwanamume, nalo limewatesa watu. Nimemwona mzee akifumua mshipi wake kwa wembe kwa sababu una uzi! Kilichokatazwa kwa mwanamume ni vazi lililokatwa kufuata umbo la mwili, kama shati au suruali. Mshipi wa kutilia pasipoti ni ruksa, sandali zenye mshono pia, bora zisifunike vifundo vya miguu.

Kinachosahaulika ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Tawafu ni mizunguko saba ya kuizunguka Kaaba, kisha kwenda kati ya vilima vya Safa na Marwa mara saba, ambayo peke yake ni kama kilomita tatu, na ndani ya shuka huna suruali. Usipopaka mapema, mapaja yatachubuka na utamaliza ukitembea kama bata. Sabuni nayo iwe isiyonukia.

“Sisi watu wa ziwani joto tumelizoea, sweta ya nini?” Makka wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, kweli. Ila ndani ya msikiti viyoyozi havipumziki, na usiku wa Januari Madina una baridi yake. Beba shali.

Adapta ya charja? Acha. Soketi za kule ni za pini tatu kama zetu.

Dawa za maumivu makali kama tramadol zinadhibitiwa, kwa hiyo zibaki kwenye pakiti yake pamoja na cheti cha daktari. Miraa usithubutu hata kijiti kimoja. Chanjo ya meninjitisi ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na kadi ya homa ya manjano ikae na pasipoti.

Kuhusu zamzam, maji ya kisima cha Makka, watu hubeba madumu matupu kutoka Kisumu wakitaraji kuyajaza na kuyafungia sandukuni. Yatatolewa uwanja wa ndege. Ya kurudi nayo huuzwa ikiwa imefungwa ndani ya boksi, lita 5, na hupita kama mzigo wake yenyewe. Majirani wa Manyatta watagawana hiyo hiyo, kikombe kimoja kila nyumba.