Pasi imedakwa lini hasa?

Kila Septemba ligi ya NFL inapoanza, ndugu na marafiki wanaoanza kuangalia futiboli ya Kimarekani huniuliza swali lile lile: "Kocha, jamaa kaudaka mpira, sote tumeona kwa macho yetu, mbona refa amekataa?" Mimi nafundisha wapokeaji wa pasi katika shule ya sekondari hapa Ohio, na swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo ninalowafundisha vijana wangu kila jioni.

Mpira kufika mikononi ni mwanzo tu. Sheria inataka mambo matatu yafuatane. Kwanza uumiliki mpira kabla haujagusa ardhi. Pili ukanyage ndani ya uwanja: NFL wanataka miguu yote miwili, au sehemu nyingine yoyote ya mwili isipokuwa viganja, kwa mfano goti au kiwiko. Vyuoni na sekondari mguu mmoja unatosha. Tatu, na hapa ndipo ugomvi unapoanzia, ufanye jambo ambalo hufanywa na mtu mwenye mpira wake: upige hatua nyingine, uubane ubavuni, uunyooshe mbele, umkwepe beki, au angalau uwe nao kwa muda ambao ungetosha kufanya hivyo. Mpira ukichomoka na kuanguka kabla ya hapo, pasi haikukamilika. Ukichomoka baada ya hapo umeshaupoteza, na mpinzani ana haki ya kuuokota na kukimbia nao.

Zamani sharti hili la tatu lilikuwa kali zaidi. Aliyekuwa anaanguka wakati anadaka alitakiwa aushikilie mpira mpaka mwisho kabisa wa kuanguka kwake. Septemba 2010, mjini Chicago, Calvin Johnson wa Detroit Lions aliruka juu ya beki dakika ya mwisho, akaudaka, akatua, akaanguka, na alipokuwa anageuka kuinuka mpira ukagusa nyasi ukamtoka. Ingekuwa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli, na ya ushindi. Ilifutwa, Lions wakalala 19-14. Januari 2015 yakamkuta Dez Bryant wa Dallas Cowboys kule Green Bay: aliudaka juu ya beki, akapiga hatua huku anaporomoka, akanyoosha mkono kuelekea mstari wa goli, mpira ukagonga ardhi na kuruka. Waamuzi walitazama marudio wakaifuta. Yalipomfika na Jesse James wa Pittsburgh Steelers mwezi Desemba 2017, watu walichoka. Machi 2018 timu zote 32 zilipiga kura kuibadilisha sheria. Nilifurahi sana siku ile. Sheria ambayo mtazamaji aliyekaa kibarazani hawezi kuielewa inaudhulumu mchezo wenyewe.

Sasa mikono. Mpira huu ni kama wa raga, ila mwembamba na umechongoka zaidi kwenye ncha, na unakuja ukizunguka kama keekee. Ukiupokea kwa kifua au kiganja, unadunda. Daka kwa vidole. Pasi ikija juu ya kifua, unganisha vidole gumba na vya shahada mpaka nafasi kati yake ifanye umbo la almasi, ncha ya mpira iingie humo. Ikija chini ya kiuno, geuza mikono, vidole vidogo ndivyo vikutane. Mimi husimama nimewapa vijana mgongo na kusikiliza. Aliyedaka kwa kiganja namjua kwa ule mlio wa "pa!" Aliyedaka kwa vidole simsikii.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la macho. Kijana anauona mpira unakuja vizuri, anahesabu kwamba ni wake, anageuza shingo kumtafuta beki, na mpira unamponyoka. Dawa yangu ni kuandika namba ndogo kwa kalamu ya wino mzito karibu na ncha za mipira ya mazoezi. Ukidaka, unaitaja namba kwa sauti huku macho yakiusindikiza mpira mpaka ubavuni: vidole vimefunika ncha ya mbele, ncha ya nyuma imezama kwapani, mkono umeubana kwenye mbavu. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kumtazama beki. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kuubana ubavuni ni lile lile sharti la tatu la sheria.

Miguu nayo ina darasa lake. Huwasimamisha vijana yadi moja kutoka mstari wa pembeni, nawarushia mpira nje ya mstari, na wao wanajinyoosha wote isipokuwa vidole vya miguu. Kisha nawaonyesha Santonio Holmes wa Steelers kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2009, mjini Tampa, zikiwa zimebaki sekunde chache. Mabeki watatu wa Arizona Cardinals wamemzunguka, mpira umerushwa juu kwenye kona, mikono na kiwiliwili vimeshatoka nje ya uwanja. Nasimamisha picha hapo, nawaambia watazame chini. Vidole vya miguu yote miwili bado viko kwenye nyasi.