Kuigiza kinu kidogo cha nyuklia kwenye kompyuta: usiamini namba kisa ina desimali nyingi

Watu wengi nikiwaambia kazi yangu ni kuigiza vinu vidogo vya nyuklia kwenye kompyuta wanadhani kuna programu moja kubwa, unaingiza vipimo, unabonyeza, inakuambia kinu ni salama au sio salama. Hakuna kitu kama hicho. Ngoja nieleze kinachofanyika kweli, manake hapo katikati kuna mtego ambao ulishaninasa na bado naona unanasa wengine.

Chukua nyutroni moja. Imetoka tu kuzaliwa, urani imepasuka, inakimbia balaa. Programu inachota namba ya bahati nasibu kuamua itasafiri sentimita ngapi kabla ya kugonga kitu, inachota nyingine kuamua imegonga atomi gani, nyingine tena kuamua imedunda au imemezwa au imepasua urani nyingine, afu inaendelea kuifuata hivyo hivyo mpaka imezwe au itoroke nje ya kinu. Ikiisha unaanza nyingine, unaenda mpaka mamilioni. Hii ndo Monte Carlo. Wazo lilimjia mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946 akiwa anapona ugonjwa, anacheza karata peke yake, akawa anajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani, akaona kucheza mara nyingi na kuhesabu ni rahisi kuliko kuhangaika na fomula. Mwanahisabati mwenzake John von Neumann akalidaka, na 1948 hesabu za namna hiyo zikaendeshwa kwenye ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa. Leo programu za kazi hii zipo kadhaa: tuna MCNP ya Los Alamos, maabara ya nyuklia ya Marekani, ambayo huipati bila kibali, tuna Serpent ya Finland, na OpenMC iliyoanzia chuo cha MIT, Marekani, ambayo ni ya bure kabisa, anayetaka kujifunza aanze na hiyo.

Namba tunayoitafuta kuliko zote inaitwa k. Nyutroni 1000 za kizazi hiki zikiacha 1000 kizazi kijacho, k ni 1 na kinu kimetulia. Sasa angalia hapa: kwenye urani-235, katika kila nyutroni 1000 ni kama 6 na nusu tu ndo zinachelewa kuzaliwa, na hizo chache ndo zinafanya kinu kiongozeke bila kuruka ghafla. Kwa hiyo ukikosea k kwa 0.005 hujakosea kidogo, umekosea karibu nafasi yote uliyonayo.

Kinu kikiwa kidogo mambo yanakaza zaidi. Eneo la nje ni kubwa ukilinganisha na ujazo wake, nyutroni nyingi zinatoroka, kwa hiyo ule ukuta wa nje unaozirudisha ndani unaamua mambo kuliko kwenye kinu kikubwa. Halafu chuma kikipata joto kinatanuka, kikitanuka nyutroni zinatoroka zaidi, nguvu inashuka, joto nalo linashuka. Huwezi kuhesabu nyutroni leo na joto kesho, lazima ziende pamoja, na ndo maana maabara ya Idaho, Marekani, wakatengeneza mfumo wa MOOSE, unaoacha programu ya nyutroni na ya joto na ya kutanuka zipeane majibu mpaka zikubaliane. Na sio nadharia tu, kinu kidogo cha majaribio kinachoitwa KRUSTY kilipowashwa kule Nevada Machi 2018 kwa saa 28, walipunguza kupoza makusudi na nguvu ikashuka yenyewe.

Sasa ule mtego. Nilikuwa na modeli ya kinu kidogo cha grafiti, yaani kaboni inayopunguza kasi ya nyutroni, nikaiendesha usiku kucha, asubuhi k imetoka na kosa la takwimu dogo sana, nikafurahi. Kaka mmoja tunayefanya naye kazi akaangalia faili dakika mbili tu akauliza, "Grafiti umeiambia programu kwamba ni fuwele?" Sikuwa nimeiambia. Nyutroni ikishapunguza kasi haigongi atomi moja ya kaboni iliyo huru, inagonga atomi iliyoshikana na wenzake, na inadunda kwa namna tofauti kabisa. Hilo linawekwa kwa mstari mmoja tu kwenye orodha ya vitu vilivyomo kwenye kinu, ukiusahau programu hailalamiki, kwake kaboni huru ni kitu halali. Nikauweka, nikaendesha upya, k ikahama mara nyingi kuliko lile kosa lililoandikwa pembeni yake.

Lile kosa dogo linakuambia umechota namba za bahati nasibu za kutosha, basi. Ukitaka lipungue nusu unaendesha nyutroni mara 4, lakini hata ukiendesha mara 400 modeli mbovu inabaki mbovu, tena sasa inakupa jibu bovu kwa uhakika zaidi, na hilo ndo linanitisha kuliko kompyuta kukwama.

Dawa ni jaribio lililofanyika kweli. Wengi wanapima programu kwa Godiva, mpira wa urani tupu wa Los Alamos, na ni sawa, ila Godiva haina grafiti hata chembe, ingenipitisha na kosa langu lote. Mimi sasa naanza na HTR-10, kinu kidogo cha grafiti cha China: Desemba 2000 walikuwa wanamimina mipira ndani, yenye urani na ya grafiti tupu imechanganywa, mnyororo wa nyutroni kupasua urani ukashika kwenye mpira wa 16,890 hivi. Kwa hiyo kabla sijagusa modeli yoyote mpya ya grafiti naijenga hiyo kwanza kwa data zilezile, naijaza mipira ileile, naangalia kama k inafika 1.