Si dude letu: yanayoaminiwa kuhusu neno moja la mtaani la Wamarekani

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alisimama kusoma mazungumzo kitabuni, akafika kwenye neno "dude" na kulitamka du-de, kama tunavyoita kitu kikubwa tusichokijua jina. Darasa zima likaangua kicheko. Sikumlaumu hata kidogo, maana herufi ni zilezile. Lakini lile la Kiingereza hutamkwa "duud", na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini watu wanavyolieleza. Mengi wanayoyasema si kweli.

Kwamba ni neno letu lililovuka bahari. Hapana. Dude letu ni ndugu wa dudu na kidude, na wingi wake ni madude. Lao lilivuma New York mwaka 1883. Mwezi Januari gazeti la New York World lilichapa shairi la Robert Sale Hill lililowakejeli vijana fulani wa mjini, na katika miezi michache neno likaenea Marekani nzima. Vijana wenyewe walivaa suruali za kubana na kola ndefu, wakashika fimbo za mapambo, wakavuta sigara na kuiga lafudhi ya mabwana wa Uingereza. Leo Dar es Salaam wangeitwa masharobaro.

Gerald Cohen na Barry Popik, waliopekua magazeti ya wakati ule kwa miaka mingi, wanaona kwamba neno limekatwa kutoka "doodle" ya wimbo wa Yankee Doodle, ule unaomcheka mshamba aliyechomeka unyoya kwenye kofia akajiona mtanashati. Maelezo hayo yananiridhisha kuliko mengine yote niliyowahi kuyasoma.

Kwamba maana yake ya asili ni unywele wenye ugonjwa kwenye makalio ya tembo. Huu ni uzushi wa watoto wa shule wa Marekani, nao umesambaa mno. Hauna msingi wowote.

Kwamba tangu mwanzo lilikuwa neno la kirafiki. Lilikuwa tusi. Huko magharibi, kwenye nchi ya wachunga ng'ombe, dude alikuwa mtu wa mjini aliyekuja na nguo safi asijue hata kupanda farasi. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, alipofika Dakota mwaka 1883 na miwani yake alitazamwa kwa jicho hilohilo. Baadaye wenye ranchi waligundua kwamba wageni wa namna hiyo wako tayari kulipa ili walale ranchini na kufundishwa kupanda farasi, ndipo zikazaliwa "dude ranch", ambazo wamiliki wake waliunda chama mwaka 1926.

Waliolibadilisha ladha ni vijana wa Kimarekani Weusi na wenye asili ya Mexico, katika miaka ya 1930 na 1940. Wao pia walipenda nguo za kujionyesha, nao wakaanza kuitana hivyo wenyewe kwa wenyewe. Likaja kuchukuliwa na wanaoteleza juu ya mawimbi kule California, na filamu za miaka ya 1980 zikalipeleka duniani. Mara nyingi watu husema ni neno la vijana Wazungu wa ufukweni. Naona ni dhuluma kuwasahau waliolibeba kabla yao.

Kwamba maana yake ni "rafiki wa kiume", basi. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama zaidi. Scott Kiesling wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliandika juu ya neno hili mwaka 2004, akaonyesha kwamba kazi yake kubwa ni kuonyesha ukaribu usio na mbwembwe: tuko pamoja, lakini hatubembelezani. Wasichana nao huitana hivyo. Likivutwa, "duuude!", ni mshangao, sawa na "Lahaula!" au "Duh!" Likisemwa kwa sauti ya chini baada ya mtu kufiwa au kufeli, ni pole. Likitangulia lawama, huipunguzia makali, kama mtu anayesema "Mwanangu, hapo umekosea."

Kwamba "guy", "bloke", "mate" na "bro" ni yaleyale. Jaribu kuyabadilishana uone. "Guy" linatokana na Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 katika njama ya kulipua Bunge la Uingereza. Sanamu zake za matambara zilizochomwa kila Novemba ziliitwa hivyo, kisha mtu aliyevaa ovyo, na Marekani likawa mtu yeyote. "Bloke" ni la Waingereza, nao hulitumia kumsimulia mtu asiyekuwepo. Kumwita mtu usoni hutumia "mate". Kwetu "jamaa" hufanana na "guy": "kuna jamaa mmoja alikuja". "Mshikaji" na "msee" huikaribia "dude", ila hakuna hata moja linaloweza kusimama peke yake likawa pole.

Kwamba ukilisema unaonekana umeendelea. Neno hili huwaweka wasemaji ngazi moja. Mwanafunzi wangu yuleyule aliniuliza kama anaweza kumwandikia hivyo mwalimu mgeni aliyekuja kutoka Chicago. Nikamuuliza, "Je, ungemwamkia 'Mambo vipi, mshikaji'?" Akaufuta mstari wa kwanza wa barua, akaandika "Dear Madam".